Uzi: Porto kwa miguu, kutoka stesheni ya São Bento hadi mtoni Ribeira (polepole, bila kiongozi)

#1 Mzururaji

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna mtu kwenye uzi wa safari za Ureno aliniuliza Porto ina nini cha kumtoa mtu Lisbon. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, mistari ikazaa, nikaona nifungue uzi.

Nilikaa siku nne mwezi wa kumi. Siku mbili kati ya hizo zimeishia mahali ambapo mwenye haraka anapamaliza kwa nusu saa: mtaa wa Ribeira, ukingoni mwa mto Douro. Kutoka stesheni ya São Bento hadi kwenye kiwanja cha Ribeira hakufiki kilomita moja. Mimi nilitumia saa tano, na nikirudi nitatumia sita.

Orodha ya "vitu kumi vya lazima" sina. Nina njia moja tu, nayo inateremka. Mji umekaa juu ya mwamba wa graniti, mto uko chini kabisa, na katikati ni ngazi na vichochoro. Kila niliyemsikia akiilalamikia Porto alianzia chini kwenye picha nzuri, halafu akapanda saa nane mchana na mkoba mgongoni. Anzeni juu jamani.

Anza ndani ya stesheni yenyewe, hata kama hukuja na treni. Ukumbi wa kuingilia umevikwa vigae kama 20,000, buluu na nyeupe, kazi ya mchoraji Jorge Colaço. Stesheni ilifunguliwa 1916, mahali palipokuwa na nyumba ya watawa wa kike. Kuta zinasimulia vita na wafalme: kuna Mfalme João wa Kwanza na Philippa wa Lancaster wakiingia mjini kwa harusi yao, waliooana hapohapo Porto mwaka 1387, na kuna kutekwa kwa Ceuta, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini, 1415. Chini yake watu wanawahi treni za kwenda kazini, hakuna hata anayeinua macho.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Kwa mbali unaona farasi amesimama kwa miguu miwili. Kwa karibu farasi ameisha, umebaki mchirizi wa brashi tu, na mstari wa goti lake unakatika nywele moja pale kigae kinapokutana na kigae. Mtu alichora vile huku akijua hakuna atakayesogea kiasi hicho. Nikasimama pale hadi mfagiaji akaniomba nihame.

Naendelea baadaye, simu inazima.

#2 Kobe wa Pwani

Nimeweka mkeka hapa. Endelea mkuu.

#3 Mama Wawili

Mzururaji usitukatie utamu. Swali langu moja: watoto wanaweza? Nina wawili, mmoja bado anasukumwa kwenye kigari.

#4 Mzururaji

Mama Wawili, kigari kiache hotelini, mbebe mgongoni. Sitanii. Barabara za chini zimetandikwa vijiwe, na njia nyingi nzuri ni ngazi tupu. Mvua ikigusa ile graniti inakuwa kama sabuni. Mimi mwenyewe nilipiga mweleka siku ya pili asubuhi, nimekaa kitako katikati ya ngazi, na bibi mmoja dirishani akanitikisia kichwa kama vile ananifahamu tangu utotoni. Viatu vyangu vilikuwa na soli ya kuvutia madukani, si ya kukanyagia Porto.

Kuna kile kichukuzi cha reli, funicular ya Guindais, kinachopanda mteremko karibu na daraja. Kitumie kurudi juu ukiwa na watoto.

Tuendelee. Ukitoka stesheni kuna pandisho moja fupi hadi kanisa kuu, Sé. Ndilo pandisho pekee hadi mtoni, lipe heshima yake. Kanisa lilianza kujengwa karne ya 12 na kwa nje linafanana na ngome zaidi kuliko nyumba ya ibada. Uwanja wake ndiyo baraza la kuutazamia mji: mapaa mekundu yanashuka kama ngazi, na ng'ambo ya mto ni Vila Nova de Gaia na maghala yake ya mvinyo, majina ya makampuni yameandikwa juu kwa herufi kubwa.

Hapa makundi yanayoongozwa yanageuka kurudi walikotoka. Wewe zunguka nyuma ya kanisa, mtaa wa Dom Hugo, tafuta Escadas das Verdades. Maana yake Ngazi za Ukweli. Ukizikosa usisumbuke, ngazi yoyote inayoshuka itakufikisha mtoni. Huwezi kupotea Porto, unaweza tu kutokea pasipo ulipotaka.

Ngazi hizo zinakuteremsha hadi Barredo, na kwangu mimi huko ndiko safari ilikoanza. Nyumba ni nyembamba, ghorofa nne au tano, zimebanana kama abiria wa daladala. Kamba za nguo ziko juu ya kichwa chako. Nilimkuta mama anaanika foronya, anavuta kamba kwa roda iliyofungwa dirishani, roda inalia kwii, kwii. Nikamuuliza kwa ishara: ile inaitwaje? Akasema *fronha*. Nikacheka peke yangu. Na ile inayovuta kamba? *Roldana*, akasema, lakini akachora duara hewani akaongeza: *roda*.

Tangu hapo sikutembea tena, nilikuwa natega masikio. *Mesa. Copo. Bandeira. Lenço. Caixa. Vinho.* Meza, kopo, bendera, leso, kasha, mvinyo. Karne tano kasoro tangu Vasco da Gama apite Malindi 1498, na mimi nimekuja kuyasikia maneno hayo kwao, dirishani.

#5 Mtoto wa Forodhani

Karne tano na ushei mkuu, si kasoro. Hesabu zako ni za mvinyo.

Umesahau GEREZA. Wataalamu wengi wa lugha wanalitoa kwenye *igreja*, yaani kanisa. Kwao nyumba ya sala, kwetu nyumba ya minyororo. Nenda Fort Jesus pale Mombasa, ngome ya 1593 iliyokuja kuwa jela, utaelewa neno lilivyopinduka.

Ndiyo maana nyuzi za "mji mzuri wa kihistoria" huwa nazisoma jicho moja nimefumba. Vigae vya Ceuta ulivyovisifia ni picha ya mwanzo wa yale yote, uvamizi na minyororo.

#6 Mzururaji

Shukrani kwa marekebisho, nimeyabeba: karne tano na ushei.

Hoja yako siikwepi. Kiwanja cha Infante, hatua chache kutoka mtoni, ana sanamu yake Mwanamfalme Henrique, yule wanayemwita Baharia, mkono umeelekeza baharini. Alikuwa kwenye msafara huohuo wa Ceuta. Barabarani hapo kuna Casa do Infante, nyumba inayosemekana alizaliwa humo 1394. Jengo lilikuwa forodha ya mfalme tangu 1325, sasa ni makumbusho, na chini ya sakafu wamefukua mabaki ya Warumi. Mimi nilisimama mbele ya ile sanamu nikikumbuka 1444, bandari ya Lagos kusini mwa Ureno, Waafrika 235 wanashushwa na kugawanywa ufukweni, na sehemu moja ya tano ya watu hao ikawa fungu lake. Kwenye sanamu hiyo sikuona neno hata moja la habari hiyo.

Lakini ndugu yangu, mama wa foronya hakumteka mtu. Nimekwenda kuona mtaa wake, na mtaa wake ni mzuri.

#7 Mtoto wa Forodhani

Hapo tumeelewana. Mama wa foronya namsalimu.

#8 Fundi Mawe

Wakuu, niliishi mji huo miaka miwili kwa kazi za ukarabati. Naongeza mambo ambayo mtembezi hayaoni.

Moja, barabara ya Mouzinho da Silveira, ile pana inayoshuka kutoka São Bento. Chini yake kuna mto. Unaitwa Rio da Vila, ulifunikwa karne ya 19 barabara ikapita juu. Kwa hiyo mtu anaposhuka pale kwenda kuutazama mto, ameshaukanyaga mwingine njiani.

Mbili, tazama ukuta wa mtoni Ribeira. Nyumba kadhaa zimepanda juu ya ukuta wa mji wa karne ya 14, ukuta ndio msingi wao. Ulikuwa na malango na vilango vingi vya kutokea majini. Kilichobaki ni kimoja, Postigo do Carvão, Kilango cha Makaa. Pitia hapo kuingia Ribeira, usipite kiwanjani. Ni kichochoro chenye kiza, baridi ya jiwe inakupata shingoni, halafu ghafla mto wote uko mbele yako.

Tatu, maji. Douro hapo bado inasikia bahari, inajaa na kupwa. Angalia mawe ya gati utaona mkanda wa kijani, ndipo maji yanapofika kila siku. Mafuriko ni habari nyingine. Desemba 1909 mto ulipanda kidogo uguse sakafu ya chini ya daraja la Luís wa Kwanza. Siku hizi kuna mabwawa huko juu lakini wenye biashara za chini bado wanaogopa masika yao.

#9 Kobe wa Pwani

Uzi umeiva. Hilo daraja si ndilo la Eiffel?

#10 Fundi Mawe

Hapana mkuu, kosa hilo linafanywa hata na wauza kadi za posta. La Eiffel ni Maria Pia, liko juu zaidi mtoni, la reli, 1877, upinde wake mita 160, na treni ziliacha kupita 1991. Hili la Ribeira alilibuni Théophile Seyrig, aliyekuwa mshirika wa Eiffel kabla hawajaachana. Lilifunguliwa 1886 na upinde wake ni mita 172. Mshirika akampita bosi kwa mita 12. Sijui kama walisalimiana tena.

Lina sakafu mbili. Ya juu wanapita watu na treni ya metro, ya chini inaunganisha gati na gati.

#11 Mzururaji

Fundi umenifanyia nusu ya kazi, asante. Kile kilango nilikipita bila kujua jina lake.

Sasa mtoni. Cais da Ribeira ndiyo sura ya Porto iliyoko kwenye kalenda: nyumba za rangi upande mmoja, meza za mikahawa katikati, mto upande wa pili. UNESCO waliuweka mji huu wa kale kwenye Urithi wa Dunia 1996. Nitakuwa mkweli, saa sita mchana hapafai. Ni mikwaruzo ya viti na watu wanaojipiga picha. Njoo saa mbili asubuhi, wakati wanashusha kreti za vinywaji na shakwe ndio wateja.

Kisa changu cha mkate. Nilikaa mkahawa mmoja wa hapo mbele (jina nalihifadhi), nikaagiza supu. Kabla ya supu kikaja kikapu cha mkate, zeituni na siagi. Nikasema moyoni, ukarimu huu! Nikala vyote. Bili ilipokuja kila kimoja kina mstari wake, na jumla ya mkate na zeituni imeizidi supu. Ni desturi ya Ureno nzima, wanaiita *couvert*: usichokigusa hulipi, ukikigusa ni chako. Hawakuniibia, nilijiibia mwenyewe. Usipoutaka sema mapema *não, obrigado*, mwanamke anasema *obrigada*, urudishwe jikoni.

Ukitembea na gati kuelekea daraja, kabla hujalifikia kuna sanamu ya shaba imebandikwa ukutani, ndogo, wengi wanaipita. Inaitwa Alminhas da Ponte, Vijiroho vya Daraja. Tarehe 29 Machi 1809 jeshi la Napoleon, chini ya Jemadari Soult, liliingia mjini. Watu wakakimbilia mtoni. Daraja la wakati huo lilikuwa mashua zilizofungwa pamoja na mbao zikalazwa juu. Likaelemewa, likakatika. Wengi hukadiria waliokufa kuwa 4,000 hivi. Mchongo unaonyesha hao watu wanavyotumbukia, mkono huku, mtoto kule.

Nilidhani ni kumbukumbu tu kama kumbukumbu nyingine. Nikakuta mishumaa inawaka. Si mmoja, kama saba, nta imemwagika mpaka chini na kuna maua mabichi kwenye kopo la bati. Akaja mzee na mfuko wa sokoni una vitunguu, akautua, akawasha wake kwa moto wa jirani, akafanya ishara ya msalaba, akachukua vitunguu vyake akaenda. Miaka zaidi ya mia mbili.

#12 Mama Wawili

Hapo pa mzee na vitunguu nimenyamaza kidogo.

#13 Kobe wa Pwani

Mkuu, sisi tusiotumia kilevi, ng'ambo ya Gaia tunaenda kufanya nini? Kila picha ni pipa.

#14 Mzururaji

Kobe, nenda ukatazame hayo mapipa yenyewe, na neno lenyewe ni lao: *pipa*. Kwao ni kipimo, pipa la mvinyo huko bondeni ni lita 550.

Mvinyo wa port unatoka mashamba ya milimani mbali, wala si hapo mjini. Mpaka wa eneo hilo la kilimo ulichorwa kisheria 1756, enzi za Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Katikati ya kuchachuka wanamwagia pombe kali ya zabibu, hamira inakufa, sukari inabaki, ndiyo maana ni mtamu. Zamani ulishuka mtoni hadi Gaia kukomaa kwenye maghala yenye ubaridi, na hadi 1986 sheria ilitaka port ya kuuza nje ipitie hapo.

Uliposhuka ulishuka kwa *rabelo*. Mtu wa pwani atazipenda hizi mashua. Hazina mkuku, tumbo bapa kabisa, kwa sababu mto ulikuwa na miporomoko na mawe. Tanga moja la mraba. Usukani ni kasia refu nyuma, refu karibu kama mashua yenyewe, na nahodha anasimama juu ya kichanja ili aone mbele kupita mapipa. Mabwawa na malori yameziondolea kazi, sasa zimefungwa gatini Gaia kama matangazo ya makampuni. Mara moja kwa mwaka, tarehe 24 Juni, sikukuu ya São João, zinatweka matanga na kushindana.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mji mzima uko nje. Wanagongana vichwani kwa nyundo za plastiki, na wanapeana vichungu vya *manjerico*. Nimekuja kuuliza ni mmea gani: mrihani! Mrihani mtupu, wenye majani madogo. Usiuinamie kuunusa, wanasema unanyauka. Weka kiganja juu yake, kisha nusa kiganja.

#15 Mtoto wa Forodhani

Mrihani?? Basi hapo ningelala hukohuko.

#16 Fundi Mawe

Na msiache kanisa la São Francisco, pale karibu na kiwanja cha Infante. Nje ni jiwe kavu la gothiki, ndani mbao zote zimechongwa na kupakwa dhahabu hadi darini, mti wa ukoo wa Yesu umeota ukutani. Kiingilio kipo. Chini kuna makaburi, na kidirisha cha kioo sakafuni, tazama chini uone mifupa ilivyorundikwa. Jirani yake ni Palácio da Bolsa, jumba la wafanyabiashara lililojengwa pale palipoungua nyumba ya watawa wakati mji umezingirwa 1832. Lina ukumbi wa mtindo wa Kiarabu, mapambo na maandishi ya dhahabu. Huingii bila kiongozi wao, kwa hiyo kichwa cha uzi kinavunjika kidogo hapo.

#17 Mzururaji

Kichwa cha uzi kimesamehe.

Namalizia njia yangu. Usivuke daraja mchana. Vuka sakafu ya chini alasiri uende Gaia, tembea na gati hadi uchoke, halafu jioni panda hadi kwenye monasteri ya Serra do Pilar, ile yenye kanisa la mviringo juu ya jabali. Kutoka hapo unaitazama Ribeira uliyotoka, na ndipo nilipoelewa nilikuwa natembea ndani ya nini: ule ukuta, zile nguo, kanisa kuu juu, vyote ni jabali moja lililochimbwa makazi. Kisha rudi kwa sakafu ya juu ya daraja. Iko juu sana ya maji. Metro inapita pembeni yako polepole, inapiga kengele, unasogea, inapita. Anayeogopa urefu ashike katikati na asimuonee aibu mtu.

Chini niliona vijana wamekaa ukingoni mwa sakafu ya chini, wanajitupa mtoni kwa kushangiliwa. Mwezi wa kumi! Maji yale ni barafu.

#18 Mama Wawili

Nimehifadhi uzi mzima. Kigari kinabaki. Asanteni nyote.

#19 Mgeni Njiani

Wakuu, nimefukua uzi huu baada ya miezi kadhaa, samahani. Niko Porto tangu jana, nimefuata njia ya Mzururaji leo. Ngazi za Ukweli nimezikosa, nikatokea ngazi nyingine inaitwa Codeçal, imeniteremsha hadi miguuni mwa daraja, kwa hiyo Ribeira nimeingia kwa upande wa nyuma. Mvua inanyesha, viatu vinashika. Kwenye Alminhas nimehesabu mishumaa minne, mmoja umezimwa na upepo nikauwasha.

Sasa hivi nimejibanza chini ya tao nasubiri supu. Mkate umeletwa. Uko hapa mbele yangu, unanukia, una moto. Sijaugusa.

#20 Kobe wa Pwani

Kaza moyo mkuu.

#21 Mgeni Njiani

Nimeugusa.